Kodi ya Kibanda Ndiyo Iliyojenga Jumba la Gavana

Siku hizi pamezuka watu wanaozunguka na kamera katika miji yetu wakipiga picha majumba ya Mkoloni. Kupiga picha si kosa, wala hatumkatazi mtu. Tunachokipinga ni maneno yanayowekwa chini ya picha. Fungua kitabu chochote cha namna hiyo, kile kikubwa cha kuwekwa juu ya meza ya wageni, au kalenda ya mwaka mpya, au karatasi anazogawiwa mtalii. Utaona nguzo nyeupe, baraza pana, matao, vigae, na anga ya buluu. Mtu hata mmoja humwoni. Mpiga picha aliamka alfajiri makusudi, kabla mfagizi hajafika, ili jengo lionekane safi. Kisha chini yake pameandikwa: kazi ya bwana fulani, mchora ramani mashuhuri, alizaliwa mwaka fulani, akapewa cheo cha Sir mwaka fulani. Basi. Jumba limejijenga lenyewe kwa akili ya mtu mmoja, bila senti ya mtu, bila kibarua, bila sheria.

Sisi twauliza: nani alilipa? Na nani alikatazwa kuingia?

Natumchukue mmoja wao, tena mkubwa wao, maana ukimpiga mdogo watasema umemwonea. Herbert Baker alizaliwa mwaka 1862 katika jimbo la Kent, Uingereza, na alikufa mwaka 1946. Majivu yake yamezikwa Westminster Abbey, walikozikwa wafalme wa zamani. Ndiye aliyechora majumba ya serikali ya Pretoria yaitwayo Union Buildings. Ndiye aliyechora majumba ya wizara katika New Delhi. Na ndiye aliyechora Jumba la Gavana la Nairobi, ambalo leo ni Ikulu, na lile la Mombasa pia, na shule ya Prince of Wales ambayo leo ni Nairobi School. Mwafrika wa Kenya anayepita barabarani anayaona majumba hayo, na pengine mwanawe anasoma ndani ya mojawapo. Kwa hiyo habari za mtu huyu si za Waingereza peke yao.

Mgala muue na haki yake mpe. Baker alijua kazi. Alijua kuweka baraza ndefu ili jua lisipige ukuta, alijua kutumia mawe ya mahali penyewe, na aliheshimu mkono wa fundi mzuri kuliko wengi wa wakati wake. Atakayesema majumba yake ni mabaya hajayatazama. Lakini wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na hapa Kenya ndani ya mkakasi huo kilikuwamo kipande chenyewe, kile cha kuvaa shingoni.

Haya, maisha yake. Wanaoyasimulia huanza na kijana aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1892, hana jina wala kazi kubwa, akakutana na Cecil Rhodes, naye Rhodes akampa nyumba yake ya Groote Schuur aitengeneze. Nyumba ile iliungua mwaka 1896, Baker akaijenga upya. Mwaka 1900 Rhodes akamlipia safari ya kwenda Ugiriki, Italia na Misri, akatazame mahekalu ya kale apate kujifunza namna dola kubwa zinavyojenga. Hadithi tamu: tajiri mwenye moyo na kijana mwenye kipaji.

Wasilolitaja ni kwamba Rhodes huyo huyo, akiwa Waziri Mkuu wa Cape, alipitisha sheria ya Glen Grey mwaka 1894, iliyomtoza Mwafrika shilingi 10 kwa mwaka ikiwa hakutoka kwake kwenda kumfanyia Mzungu kazi miezi mitatu. Mwaka 1893 watu wa kampuni yake walimvamia Lobengula na kuteka nchi ya Wandebele. Fedha iliyompeleka Baker Ugiriki kutazama nguzo ilitoka wapi? Ilitoka katika migodi ya almasi na dhahabu, na mgodini ndiko sheria kama zile zilikomsukuma Mwafrika. Msomaji wa kitabu cha picha hupewa nguzo, hapewi mgodi.

Na Baker hakuwa mtumishi asiyejua kazi ya bwana wake. Alimpenda na kumsadiki. Mwaka 1934, Rhodes akiwa amekufa zaidi ya miaka 30, Baker alitoa kitabu kizima kumsifu, akakiita Cecil Rhodes by His Architect, yaani Rhodes kama alivyojulikana na mchora ramani wake. Mchoraji aliandika sifa za tajiri, na leo wapiga picha wanaandika sifa za mchoraji. Mnyororo umekwenda hivyo kutoka mkono hadi mkono, na katika pete zake zote hakuna aliyeona haja ya kumtaja aliyebeba jiwe.

Sasa twende Pretoria. Union Buildings zilijengwa tangu 1910 hata 1913. Mchoro wake una maana iliyo wazi, nao wasifiaji wake wenyewe wanaieleza kwa fahari: mbawa mbili zilizo sawa, ubawa mmoja kwa ajili ya Waingereza na mmoja kwa ajili ya Makaburu, zimeunganishwa na safu ya nguzo iliyopinda kama nusu ya mwezi. Mataifa mawili, wasema, yaliyopigana vita yakapatana. Hesabu vizuri, ndugu msomaji. Katika nchi ambayo watu wengi kupita wote ni Waafrika, jengo la serikali limechorwa kwa watu wa aina mbili, na Mwafrika si mmoja wao. Hakupewa ubawa. Mwaka ule ule wa 1913 jengo lilipomalizika, serikali iliyokaa ndani yake ilitoa Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowaachia Waafrika sehemu kama 7 tu katika kila 100 za nchi yao. Jengo na sheria vilisema neno moja, hili kwa mawe na ile kwa wino. Basi mtu atuonyeshe picha ya mawe pasipo wino, kisha atuambie kwamba ametuonyesha jengo?

Lakini iko picha nyingine ya Union Buildings. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walipanda kilima kile, wengine na watoto mgongoni, wakitoka kila pembe ya nchi, wakiongozwa na akina Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Walikuja kukataa pasi. Waliyajaza madaraja na bustani na uwanja ule wa nusu mwezi, wakapeleka karatasi za malalamiko mlangoni kwa Waziri Mkuu Strijdom, ambaye hakuwapo kuwapokea, kisha wakasimama kimya nusu saa nzima. Picha zilipigwa siku ile, nazo zimeenea dunia nzima. Tazama mojawapo, kisha tazama ile tupu ya kalenda. Mahali ambapo mchora ramani hakuwawekea wanawake hao nafasi hata ya kuketi, wao ndio waliopapa maana, na leo tarehe 9 Agosti ni sikukuu ya taifa Afrika Kusini. Mandela aliapishwa hapo hapo tarehe 10 Mei 1994. Kitabu kitakachoweka picha ya jengo lile bila ya wanawake wale kimekata kichwa cha habari kikaacha mkia.

Habari ya Delhi tutaipitia kwa haraka. Huko Baker alifanya kazi pamoja na Mwingereza mwenzake, Edwin Lutyens, na waandishi wa maisha yao humaliza kurasa nyingi juu ya ugomvi wao wa mteremko wa barabara: ati kilima cha Baker kilizuia jumba la Lutyens lisionekane vizuri kutoka chini. Watu wazima walinuniana miaka kwa ajili ya mteremko! Maelfu ya vibarua wa Kihindi, waume kwa wake, walivunja mawe na kubeba mchanga vichwani katika jua lile, nao hawana hata nusu ya ukurasa. Juu ya lango moja la majumba ya Baker kumechongwa maneno ya kuwaambia Wahindi kwamba uhuru hauwashukii watu kutoka juu, bali watu hujiinua wenyewe mpaka wakaufikia, na kwamba ni neema ambayo lazima kwanza waistahili. Yaani mtu amekukalia shingoni, kisha anakuhubiria namna ya kusimama. New Delhi ilifunguliwa kwa shangwe Februari 1931, wiki chache tu baada ya Gandhi kutolewa gerezani. Mwaka 1947 Mwingereza alifunga virago. Miaka 16! Mawe yale hayakuwa hata yamepata ukungu.

Turudi kwetu, maana hapa ndipo penye deni.

Mwaka 1925 alikuja Kenya Gavana Edward Grigg, akakaa hata 1930. Kabla ya kuja alikuwa katibu wa amana ya mali ya Rhodes, na Baker ndiye aliyekuwa akichora nyumba ya ukumbusho wa Rhodes kule Oxford. Mnaona? Ni wale wale. Grigg akaona nyumba za serikali alizozikuta hazitoshi heshima ya Mfalme, akamwita Baker. Baker akachora, akamweka Nairobi mwakilishi wake, Jan Hoogterp, asimamie. Ndipo yakainuka majumba yale, Nairobi na Mombasa, yenye kumbi na nguzo na bustani. Hata masetla wengine walinung'unika kwamba Gavana anapenda makuu. Walinung'unika kwa sababu walidhani ni fedha yao.

Haikuwa yao. Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Serikali ya Mwingereza ilianza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1901, na baadaye, mwaka 1910, ikaongeza kodi ya kichwa kwa asiye na kibanda. Mwenye wake wawili na vibanda viwili alilipa mara mbili. Mjane alilipishwa kibanda alichoachiwa na marehemu. Baada ya vita ya kwanza kodi ikapandishwa mpaka shilingi 16, na mwaka 1921 masetla wakakata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, kodi juu, mshahara chini. Baada ya watu kulia na kufa, kama tutakavyosema, kodi ikateremshwa kuwa shilingi 12. Kwa vibarua wengi hiyo ilikuwa jasho la mwezi mzima. Na masetla je? Walipotakiwa kulipa kodi ya mapato walipiga kelele, na mwaka 1922 ikafutwa. Haikurudi mpaka 1937. Katika kodi zote zilizotozwa watu moja kwa moja miaka ile, fungu kubwa lilitoka kwa Mwafrika mwenye kibanda cha udongo. Na palipokopwa fedha London, mkopo ulilipwa pamoja na riba kutoka katika hazina ile ile. Kwa Kiswahili chepesi: kodi ya kibanda ilijenga jumba.

Na kipande? Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kukaza mwaka 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitiwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, bwana wake na mshahara wake, akaitia katika kijaluba cha bati na kukivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Akiondoka kazini bila bwana kutia sahihi, ni mhalifu. Kilifutwa 1947. Kibarua aliyebeba jiwe la Jumba la Gavana, kijaluba kilikuwa kikimgonga kifuani kila alipoinama. Lakini picha inaonyesha jiwe tu.

Harry Thuku aliyapinga haya yote, kodi na kipande na mabinti kupelekwa mashambani kwa nguvu. Alikamatwa. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi kumdai, na mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawatia wanaume haya wasiondoke. Askari wakapiga risasi, na imesimuliwa sana kwamba Wazungu walipiga pia kutoka baraza la hoteli ya Norfolk iliyo karibu. Serikali ilihesabu maiti 21. Wananchi walihesabu zaidi. Kutoka hapo mpaka kilima cha Ikulu si mbali, mtu anakwenda kwa miguu. Miaka mitatu baadaye akafika Grigg na haja yake ya jumba lenye heshima. Baraza la Norfolk limepigwa picha mara ngapi? Lina kiti cha starehe na kikombe cha chai. Damu hailingani na chai, basi imefutwa.

Shule nayo ina kisa chake. Jiwe la msingi la shule ya Prince of Wales liliwekwa na Grigg mwaka 1929, na mwaka 1931 wavulana wakaingia: wavulana wa Kizungu peke yao. Jengo la fahari, lenye safu za matao, la kumfundisha mtoto wa setla kwamba amezaliwa kutawala. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1929, wazazi wa Kikuyu waliogombana na wamisheni walianza kujenga shule zao wenyewe, kwa miti, udongo na mabati. Hapakuwa na Sir yeyote wa kuchora ramani. Akina mama walibeba maji na mawe, marika yakachanga shilingi kwa shilingi, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha walimu cha Githunguri. Kenyatta mwenyewe alikiongoza baadaye. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, serikali ilizifunga shule hizo pamoja na Githunguri. Tafuta katika vitabu vyao vya picha. Utakuta matao ya Prince of Wales kwa jua la asubuhi na kwa jua la jioni. Ukuta wa udongo uliosomesha wapigania uhuru hauna jua.

Tunajua majibu yao. Watasema jengo ni jengo, halina siasa. Alaa! Baker mwenyewe angewacheka. Mwaka 1912 aliandika katika gazeti la The Times la London akieleza usanifu unaoifaa dola katika Delhi, jinsi majengo yanavyopaswa kuonyesha utaratibu na umoja chini ya utawala wa Mwingereza. Yeye alijua anajenga nini. Wanaotuambia leo kwamba alikuwa akijenga uzuri mtupu wanamdharau yeye kuliko sisi tunavyompinga.

Wengine watasema tunamwonea mtu aliyekufa. Waingereza wenyewe hawakumsamehe! Kwa miaka mingi wamemlaumu vikali kwa sababu alibomoa sehemu kubwa ya Benki Kuu ya Uingereza ya zamani, iliyochorwa na John Soane, akajenga yake juu. Hilo wanaliita jinai. Basi mchora ramani hushtakiwa, kumbe. Inategemea tu umeumia jiwe au mtu.

Na wako vijana wetu, wenye uchungu wa haki, wanaosema: kama ni hivyo, tuyabomoe. Tunawaambia hapana, ndugu zetu. Sanamu ya Rhodes iliondolewa Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2015, na sisi hatukulia, kwa sababu sanamu kazi yake ni kusifu tu. Lakini nyumba ina kazi nyingine. Mali uliyoilipia huibomoi ili kumkomoa aliyekuibia; unaingia ndani na kuitumia, na unadai hati. Groote Schuur ya Rhodes, chini ya dari aliyoiweka Baker, ndimo watu wa Mandela na De Klerk walimoafikiana kuhusu njia ya mazungumzo mwezi Mei 1990. Bibi yako alilipia Ikulu ya Nairobi kwa shilingi za kibanda chake. Ni yako kuliko ilivyokuwa ya Grigg.

Kinachotakiwa ni hati hiyo iandikwe. Wapiga picha wetu Waafrika, nanyi mmo katika lawama hii, maana wengi wenu mnaiga kalenda ya Mzungu mpaka saa ya kupiga. Ngojeni watu wafike. Mpigeni mfagizi pamoja na nguzo zake. Nendeni Githunguri mkaulize wazee palisimama nini. Nendeni machimboni yalikotoka mawe. Na chini ya picha ya Ikulu msiandike tena jina moja. Andikeni: Jumba la Gavana, Nairobi. Aliyechora, Herbert Baker. Aliyeamuru, Edward Grigg, Gavana 1925 hata 1930. Aliyelipa, mwenye kibanda, shilingi 12 kwa mwaka. Waliojenga, mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, majina yanatafutwa.

Yanatafutwa kweli. Vibarua wale wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao wako, na katika masanduku ya nyumba nyingi bado kuna kijaluba cha bati na karatasi ndani yake, yenye jina la mwajiri na tarehe. Mwenye nacho asikitupe, wala asimuuzie mtalii. Akipeleke tawini kwake, karatasi isomwe, na jina liandikwe.